Sensa Niliyoing'oa Ikiwa Nzima

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka, mikono yangu inalowa jasho.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa bado michanga na ukame umeshika Kajiado yote. Mimi nilikuwa kijana wa kucheka ovyo pale gereji ya Fundi Wafula, Kitengela. Shule niliishia darasa la nane, lakini ndoto nilikuwa nazo za kugawia mtaa mzima. Hata rangi ya geti ya gereji yangu nilikuwa nimeshachagua. Siku hiyo Wafula alienda Athi River kuchukua vipuri, akaniachia kazi kwa nusu siku. Nusu siku tu, mwanangu.

Akaja Baba Sianoi, mfugaji wa huko ndani, mbali kupita mji wa Kajiado. Gari yake ya otomatiki ilikuwa inavuta trela yenye tangi la maji. Kiti cha mbele aliketi mama yake, ajuza ambaye wote walimwita Kokoo, yaani nyanya.

"Sopa, fundi," akanisalimu Kimaasai.

"Epa, mzee. Shida ni gani?"

"Hii taa ya joto ya giaboksi. Nikivuta maji inawaka, nikipumzika inazima. Naogopa kwenda nayo, lakini nyumbani tangu jana hawana maji."

Jibu lote lilikuwa ndani ya maneno hayo. Mimi sikulisikia. Niliingia chini ya gari, nikagusa giaboksi, nikaona ina vuguvugu tu. Sikufikiria kwamba kabla ya kuja kwangu walikuwa wameketi hotelini wakinywa chai karibu saa nzima, gari ikipoa. Nilimtazama Kokoo akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili kama mtu anayetarajia kuanguka, nikamwonea huruma. Nikataka kumwondolea hofu haraka.

"Hii ni sensa imekufa," nikasema. "Kile kidude kinachopima joto la mafuta. Kinadanganya taa."

Nikaing'oa. Mafuta kidogo yakanidondokea kiganjani, meusi, yananuka kuungua. Mwanangu, niliyapangusa kwa suruali! Nikatoa sensa nyingine kwenye gari mbovu iliyokuwa nyuma ya gereji, nikaifunga, nikawasha injini. Taa kimya. Baba Sianoi akanishika mkono kwa shukrani, nikabaki napiga mluzi.

Wafula alirudi saa saba, nikamsimulia nikijisifu. Akachukua ile sensa niliyoing'oa.

"Uliipima?"

"Niliona tu, fundi."

"Uliona! Wewe macho yako ni mita?"

Akabandika maji kwenye sufuria yetu ya chai, akafunga nyaya za mita ya kupimia umeme kwenye sensa, akaitumbukiza. Maji yalipokuwa baridi, namba ilikuwa kubwa, maana sensa hiyo huhesabu kinyume cha joto. Yalivyozidi kupata moto, namba ikashuka polepole, bila kurukaruka, mpaka yakachemka. Akaipoza, namba ikapanda tena vilevile.

"Hii ni nzima," akasema kwa sauti ndogo. "Taa ilikuwa inasema ukweli. Na hiyo uliyoweka, uliipima?"

Nikatikisa kichwa.

Tuliingia kwenye pikapu yake. Siku hizo simu yenyewe Baba Sianoi hakuwa nayo. Njia nzima mpaka Kajiado nilikuwa nawaza mafuta ya moto yakimwagikia ekzosti, lile bomba la moshi, na kuwaka, na yule nyanya asiyeweza kuruka. Tulipoacha lami, nikaona moshi mweusi mbele yetu. Nililia, mwanangu, bila aibu. Tulipokaribia, kumbe ni moshi wa wachoma makaa.

Tukawakuta mwendo mrefu mbele, kwenye mlima. Gari imesimama, moshi mwembamba unatoka chini yake, na mafuta yanadondoka vumbini. Kokoo ameketi juu ya jiwe, mbali, amekunja uso. Ndiye aliyenusa harufu ya kuungua akaamuru mwanawe asimame, na mwana alipobisha kwamba taa haijawaka, akafungua mlango gari ikitembea. Niliwasha swichi nikatazama dashibodi. Giaboksi ilikuwa haishikiki kwa joto, na taa imelala fofofo.

"Mwambie," Wafula akaniambia. "Kwa mdomo wako."

"Mzee, sikupima. Nilikisia. Nilitoa nzima nikaweka iliyokufa."

Baba Sianoi alinitazama mpaka nikatamani anipige.

"Nyinyi mafundi mkiua gari, sawa," akasema. "Gari haina mama. Mimi wangu ni huyo."

Gari tuliiacha pale, tukampandisha Kokoo kwenye pikapu, tukafunga trela nyuma yake, tukavuta maji polepole mpaka kwao. Watoto walikuja mbio na mitungi, nami nikawachotea mmoja mmoja, sithubutu kumtazama yeyote usoni.

Basi nisikie vizuri, wewe unayeanza ufundi. Sensa usiihukumu kwa macho. Asubuhi, gari ikiwa imelala, isome kwa mita. Iseme baridi kama hewa ilivyo. Kisha ipashe moto, uangalie namba ikishuka kwa utaratibu. Ikikwama au ikirukaruka, hapo sema imekufa. Na hiyo unayoiweka ipime pia, hata ikiwa mpya. Mafuta yakinuka kuungua, acha kila kitu uyasikilize. Mwenye gari akikuambia taa inawaka akivuta mzigo, vuta naye mzigo, uone anachokiona. Na huruma, mwanangu, isikufanye umtulize mtu kwa jambo usilolijua. Mwache aende na hofu yake, maana hofu ya Baba Sianoi ilikuwa na akili kuliko mimi. Kusema "bado sijajua, nipe muda" hakukupunguzii ufundi.

Mungu aitulize mikono yako, ayafungue masikio yako, na kila unayemfungulia geti ya gereji aende zake afike kwake, yeye na mama yake.