Kutu ya Upanga wa Burma

Nakumbuka tulikuwa wanne siku ile katika duka la vitu vya kale kule mtaa wa Mayfair. Mzee Salehe, jirani yetu wa Joubert Park, alikalia kiti pekee kilichokuwapo. Bwana Farah, mwenye duka, alisimama nyuma ya meza na kioo chake cha kukuzia. Mdogo wangu Neema aliegemea mlango. Wa nne ni mimi, nimebeba upanga uliofungwa kwenye kanga.

Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia la 2010, lile lililochezwa hapa kwetu. Sikuwa mtoto, mwanangu, ila katika mambo ya panga za Kijapani nilikuwa mchanga. Wazazi walitutoka nikiwa darasa la sita, nikaacha shule, nikalea wadogo zangu kwa kunoa visu vya mabucha. Chuma nilikipenda. Nikaanza kukusanya panga hizo kutoka masoko ya Jumapili, na mbili za kwanza zikawa bandia: ule mstari mweupe kama moshi unaofuata makali, ambao kwenye upanga halisi huzaliwa na moto wa mhunzi, ulikuwa umechorwa kwa tindikali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikajifunza hilo moja, nikajiona fundi.

Upanga wa Mzee Salehe ulikuwa na habari yake. Baba yake, askari wa Tanganyika aliyepelekwa kupigana Burma, alirudi nao akisema alikabidhiwa na ofisa wa Kijapani aliyesalimu amri, na kwamba ni wa kale, wa urithi. Kijijini wakamcheka. Wakasema ni bati la kiwandani, kaliokota njiani. Akafa akiitwa mwongo, na upanga wake ukafanywa wa kufyekea mashamba. Mzee Salehe, kifua kimeshaanza kumbana, alitaka kujua ukweli kabla hajamfuata baba yake. Hakuwa na haja nyingine.

Aliniachia upanga siku mbili kabla ya kwenda kwa Farah. Nikang'oa kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, nikauvua. Ule mkia wa chuma unaokaa ndani ya mpini ulikuwa mweusi kwa kutu, na maandishi yaliyochongwa juu yake hayakuonekana vizuri. Marehemu mama alitufundisha kwamba chombo chenye kutu ni aibu ya nyumba. Nikachukua ndimu, majivu na msasa.

Neema alipita na ndoo. "Eish, kaka, unamwogesha bibi harusi?"

Nikacheka, nikazidi kusugua.

Sasa pale dukani Farah alivua mpini, akainamia chuma.

"Nani kapiga msasa hapa?"

"Mimi, mzee."

"Ulidhani ni sufuria?" Akakiweka kioo mezani. "Makali yamekwisha kwa kufyekea mashamba, hayasemi kitu. Maandishi mtu yeyote anaweza kughushi. Shahidi aliyebaki ni kutu ya hapa. Kutu ya miaka mia tatu ina rangi yake, na ya upanga wa kiwandani ina yake. Wewe umemuua shahidi."

Mzee Salehe akauliza taratibu, "Kwa hiyo baba alisema kweli?"

"Juzi ningekujibu, Mzee Salehe. Leo sijui. Wala sidhani yupo atakayejua."

Mzee Salehe hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliufunga ule upanga ndani ya kanga, pindo kwa pindo, akasema, "Basi ataendelea kuwa mwongo."

Baridi ya mwaka ule ndiyo iliyomchukua. Wiki ya mwisho aliniita, akanisogezea upanga. "Kaa nao wewe. Ndiwe uliyeusafisha."

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Ukipewa kitu cha kale, usianze na mkono, anza na jicho, kisha ulimi: uliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuona haya kuuliza kwa sababu umeshaitwa fundi. Usiamini kinachong'aa; tazama kilichofichwa ndani ya mpini. Na kitu usichokijua kazi yake, hata kama ni uchafu, kiache kilipo. Nia yangu ilikuwa njema, lakini nia njema haikumfaa mzee yule kitu.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono mzito wa kufuta. Akulinde usije ukabeba ninachobeba mimi. Kila mwaka navua ule mpini na kutazama. Kutu mpya imeanza kurudi, nyekundu, changa kama ya msumari wa jana, na Mzee Salehe bado ananidai jibu.