Justa Anayepiga Pasi Noti za Harusi

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Lindi, Justa Chilumba anapiga pasi pesa.

Anatandaza noti juu ya meza, anaifunika kwa kipande cha kanga, kisha anapitisha pasi ya mkaa taratibu, kama anayembembeleza mtoto mchanga alale.

"Pasi ikiwa kali, noti inaungua. Ikipoa, inabaki na makunyanzi ya mfuko wa mtu," anasema bila kuinua macho. "Bibi harusi hapewi makunyanzi."

Justa, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, hutengeneza makoja ya kuvaa shingoni, ya noti za kutunzia maharusi. Noti huzikunja zikawa maua, samaki au vipepeo, akazifunga kwa uzi bila kuzitoboa, ili zikifunguliwa zitumike dukani. Koja moja humpatia shilingi elfu moja na mia tano.

Alianza baada ya kiwanda alichokuwa akibangulia korosho kufungwa mwaka 1992, miaka mitatu iliyopita. Madukani bidhaa za nje zilikuwa zimejaa, na harusini watu walishindana kwa makabati na seti za vyombo. Aliyekuwa na noti chache alizificha kwenye bahasha.

Mwenye duka, Bi Mehrunnisa, ndiye aliyempa baraza hiyo bure. "Nilimwona akikunja karatasi ya pipi ikawa ua la mkorosho," anakumbuka. "Nikamwambia, kaa hapa, dada."

Kabla ya kukunja chochote, Justa hukaa kimya, macho kayafumba. Anasema hungoja mpaka aone kitu kikielea mbele yake.

Juni mwaka jana, mzee mmoja kutoka Rondo, Alfonsi, alisimama mbele ya meza yake na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeuza mbuzi. Nilitaka kabati, bei imenishinda." Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na noti thelathini za mia mbili, laini kama matambara. "Wakwe ni watu wa maduka. Nikimpa binti yangu Agnes hizi mbele yao, nitamfedhehesha."

Justa hakuzigusa. Alimuuliza, "Alipokuwa mdogo, alipenda nini?"

Mzee alifikiri. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kufukuza vipepeo. Mikorosho ikichanua, hatukumpata nyumbani."

Kuzikunja kulimchukua siku tatu. Noti zilikuwa zimechoka; mbili zilipasuka, akazifidia kwa zake bila kumwambia mzee. Kisha akapanda lori hadi Rondo, koja kalipakata mapajani njia nzima.

Kwenye sherehe, zamu ya baba ilifika baada ya kabati la wakwe kushangiliwa. Alfonsi alisogea, akamvika binti yake. Upepo wa uwandani ukapita, na vipepeo thelathini wakapigapiga mabawa kifuani pa Agnes. Ngoma ilinyamaza.

"Baba," Agnes alisema, "kumbe ulikuwa unaniona?"

"Kila siku, mwanangu."

Mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Agnes hakulivua koja lile mpaka wageni walipoondoka. Baadaye alifungua kipepeo mmoja mmoja, akanunua kuku, na leo anao kumi na wanne.

Justa alipata wateja kutoka Mchinga hadi Nyangamara. Lakini anachokiwaza sasa ni chumba kimoja cha duka karibu na stendi, chenye dirisha la kioo linalotazama bahari. Ameshaongea na mwenye nyumba, na mwezi ujao anatarajia kukabidhiwa ufunguo.

Ataweka nini kwanza dirishani?

Justa anatua pasi, anafumba macho. Noti mezani bado ina joto.

"Wiki ya kwanza sitaweka kitu," anasema. "Nataka kukaa ndani, nitazame nje, nione kitakachokuja."