Shavu la Kulia la Nabwile

Mimi jambo lisiloeleweka halinipi usingizi, na shavu la Nabwile lilikuwa halieleweki kabisa. Nabwile ni binti wa kaka yangu kutoka Bungoma, na kwa lugha yetu huniita senge, yaani shangazi. Alimaliza masomo ya darasani kule chuo cha ualimu, akaja kwangu hapa Kiminini mwezi wa kumi na moja kunisaidia ng'ombe akingoja mazoezi ya kufundisha mwezi wa tano. Alifika uso laini. Kufikia Februari shavu la kulia lilikuwa limejaa chunusi nyekundu, zingine na usaha, na la kushoto halina hata moja. Sasa niambieni, ni ugonjwa gani huo wa kuchagua upande?

Nilisema ni karanga, nikamkataza karanga. Nikamsugua ndimu mpaka machozi yakamtoka. Nikasema labda ni mambo ya wavulana. Hapo alicheka, halafu akalia. Kanisani alianza kukaa mwisho wa benchi, shavu likielekea ukuta. Siku moja nikifagia nikakuta barua chini ya godoro lake: anaomba chuo kimwahirishie mazoezi mwaka mzima.

"Senge, siendi," aliniambia nilipomuuliza. "Watoto wa darasa la sita wana macho. Wataniita jina, na hilo jina halitatoka."

Nilikasirika, lakini si yeye aliyenikasirisha. Kesho yake nikampeleka Kitale kwa Zulekha, mwenye kemisti karibu na msikiti, ambako nanunua dawa yangu ya presha. Zulekha ni mtu wa maswali. Hata ukitaka dawa ya kikohozi atakuuliza jiko lako liko wapi.

Alimwangalia Nabwile bila haraka. "Unalala upande gani?"

"Chali."

"Simu unaweka sikio gani?"

"Kushoto."

Zulekha akakuna kichwa. Nilifurahi kidogo kuona kumbe hata yeye hajui. Kisha akasema, "Siku yako inaanza aje?"

"Nakamua."

"Hebu nionyeshe."

Nabwile aliona haya, lakini alikaa juu ya kreti ya soda akakamua hewa, mikono ikipanda ikishuka. Alipomaliza akainuka, akashika ndoo isiyokuwepo kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukapita shavuni, taratibu, mpaka sikioni.

"Hapo," Zulekha akasema. "Rudia."

Akarudia. Mkono ukaenda palepale.

"Huo mkono huwa na nini?"

"Jeli ya kukamulia. Ile inabaki. Senge alisema tusiitupe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ni mimi niliyemfundisha, jinsi mama yangu alivyonifundisha: mafuta ya kulainishia chuchu za ng'ombe yakibaki mkononi baada ya kukamua, usifutie tambara, jipake uso. Na kwa sababu kwangu kushindwa ni kazi ngumu, nikauliza kwa ukali, "Mbona mimi sina chunusi, na nimejipaka miaka thelathini?"

"Mama Tonny, ngozi yako imekomaa," Zulekha alinijibu kwa heshima. "Yake bado inatoa mafuta yenyewe. Ukiongeza hayo mazito ya ng'ombe, vitundu vinaziba."

Kisha akamgeukia Nabwile. Uso uoshwe asubuhi na jioni kwa sabuni laini, bila kusugua. Chunusi zisiminywe. Akampa krimu ya benzoili peroksaidi, ile isiyo kali, apake safu nyembamba jioni. "Utakauka kidogo. Ukiwashwa, paka siku moja uache siku moja. Ngoja wiki nane. Ikikataa, ama chunusi zianze kuacha makovu, nenda kwa daktari wa ngozi."

"Wiki nane?" nikasema. "Si hata mahindi yatakuwa yameota."

Wiki ya pili ngozi ilibambuka, na mimi nikataka kuitupa hiyo krimu chooni. Nabwile aliniondolea mkononi. "Senge, si tuliambiwa? Wacha." Wiki ya nne taulo langu la buluu likatoka madoa meupe kwa hiyo dawa. Niligomba nusu siku. Lakini kila asubuhi nilimsogeza mlangoni penye mwanga, nikahesabu: kumi na saba, kumi na nne, kumi na nne tena, tisa. Nikaweka sabuni na tambara kwenye nguzo ya zizi, na bado mara mbili nilikamata mkono wangu mwenyewe ukielekea usoni. Mazoea yana taabu, bana.

Mwezi wa tano zilibaki tatu ndogo, na alama za kahawia ambazo Zulekha alisema zitachukua muda wake. Sikujua kama zingetosha kumzuia. Sikuthubutu kuuliza. Halafu nikaona kipande cha ile barua jikoni, ameiwashia moto wa chai.

Asubuhi ya kuondoka alinifuata zizini kuniaga, begi begani, na mimi mikono imejaa jeli. Alisimama mbele yangu akangoja. Nikaenda bombani, nikanawa kwa sabuni mara mbili, nikajikausha. Ndipo nikamshika shavu la kulia na kumwambia pole, neno ambalo kinywa changu hakijalizoea. Hakugeuza uso.