Fundi Pamba na Bwawa Lililotaka Kuondoka

Kuna watu Mungu aliwaumba kwa utani, na Fundi Pamba ni mmoja wao. Mtu ambaye akiona unywele kwenye mchuzi hali tena siku nzima, riziki yake ikawekwa ndani ya mabwawa ya kuogelea ya wenye nafasi, akatoe humo kila kilichooza. Ukimuuliza kwa nini hakuwa fundi cherehani, anakujibu kwamba nguo za watu nazo zina jasho.

Jina la Pamba alilipata kwa vile vipande vya pamba anavyojishindilia puani kabla hajashika chombo. Juu ya pamba hufunga kitambaa, mikononi huvaa glavu mbili mbili, na buti zake za mpira zinamfika mapajani. Ukikutana naye getini utadhani nyuki wamevamia nyumba. Lakini kazi anaijua, hilo msimnyime. Bwawa likivuja hulilalia sikio kama mkunga anavyolisikiliza tumbo, na kigae akikibandika yeye hakibanduki mpaka mjukuu wako aoe.

Mavuno yake ni miezi ya baridi. Wakati wa joto kila mtu anaogelea na hata mtunza bustani anaweza kuokota majani kwa wavu. Baridi na mvua zikiingia, watu huyafunika mabwawa yao turubai na kujisahaulisha, kama mvivu aliyeficha sufuria chafu uvunguni. Siku turubai likifunuliwa, ndipo simu ya Pamba inapolia.

Mwaka mmoja aliitwa kwa daktari wa meno. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya veranda na ukuta, na ukweli ni kwamba halikuwa la daktari bali la mama yake. Bibi yule alikuwa ameharibika nyonga. Nchi kavu alikuwa mtu wa kiti na mkongojo, kila hatua na mguno wake. Lakini ukimtia majini hadi kifuani, alitembea kama msichana aliyetumwa dukani akaambiwa chenji ni yake. Tangu bwawa lifunikwe, mguu ulikuwa umeanza kukauka, na mtaalamu wa viungo alishasema bila kuficha: akiyakosa maji msimu huu wa joto, asitegemee kusimama tena.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye utakayenirudishia miguu yangu?"

"Mimi tena! Humo utacheza dansi."

"Kucheza nitacheza mwenyewe. Wewe nitolee uchafu tu."

Pamba akalishika turubai, akalivuta.

Loo! Maji yalikuwa ya kijani, tena kijani kile cha makamasi ya mtoto mwenye mafua, na uzito ni huo huo. Juu yalifunga utando uliokuwa ukipumua: unavimba, unapasuka, unaachia harufu, unavimba tena. Panya mmoja alielea chali, tumbo limemjaa, mikono kaikunja kifuani kwa adabu zote. Viluwiluwi vilikuwa vingi hata maji yenyewe yalitetemeka. Pale ngazini vigae vilikuwa vimebanduka, na mahali pake pameota kitu chenye manyoya. Pamba alichomeka pamba nyingine juu ya pamba.

"Ukoga huo," alisema daktari, aliyekuja kuchungulia na kikombe chake cha chai. "Kama meno ya wagonjwa wangu."

"Daktari, wagonjwa wako wana panya mdomoni?"

"Wengine nina mashaka nao."

Sasa hapa nisikilizeni. Kila fundi wa mabwawa anajua kwamba wakati wa mvua bwawa halikaushwi. Ardhi ikishiba maji, bwawa tupu ni sufuria tupu ndani ya beseni la maji: linaelea, linang'oka. Kwa hiyo unayaacha maji humo humo, unatia dawa, unateka uchafu kwa wavu, unaingia mwenyewe hadi kiunoni na kusugua kuta kwa brashi, kisha unayapunguza kidogo tu ili ufikie vigae vya ngazi. Ni kazi ya siku nyingi, na siku zote hizo unaishi ndani ya supu. Na wiki ile mvua ilikuwa haijapumzika.

Pamba aliyajua yote hayo. Lakini alipotia mguu kwenye ngazi ya kwanza, kitu laini kilimzunguka buti, kikatulia kidogo, kisha kikaanza kupanda. Alitoka humo kama aliyemwona mdai wake.

"Wapi!" akajisemea. "Nife kwa ajili ya vigae?"

Akaleta pampu, akayanyonya maji yote. Mpira wa kuyatolea ulipaswa kufika mtaroni, nyuma kabisa ya kiwanja, ila njia ya kwenda huko inapita kwenye shimo la choo, na mfuniko wa shimo ulikuwa umepasuka. Kinyaa juu ya kinyaa. Basi akauachia mpira kwenye bustani ya maua, pale pale kando ya bwawa. Maua yakanywa, ardhi ikanywa, na yaliyobaki yakateremka kimya kimya kwenda kujipanga chini ya bwawa.

Jioni alirudi kwake anapiga mluzi. Mkewe, ambaye siku za kazi humpokea mlango wa nyuma na ndoo na sabuni, alimnusa begani, akamnusa shingoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Baba watoto, leo hunuki."

"Akili, mke wangu. Wengine wanatumia mikono."

"Umeniambia bwawa ni la kijani, halafu hunuki? Mimi ukirudi unanuka, nalala usingizi. Ukirudi safi hivi ndipo naogopa. Umefanya nini huko?"

"Nimefanya kazi."

"Haya. Kaa ule."

Alikaa akala, sikio likiwa dirishani.

Mvua ilinyesha tena hadi alfajiri. Asubuhi alimkuta Bibi verandani, amejikunja mbele kwenye kiti chake, anakaza macho.

"Fundi, hebu njoo. Macho yangu mabovu, lakini jana ukingo wa bwawa ulikuwa sawa na sakafu. Leo naona kama umesimama."

Pamba akatazama. Ukingo ulikuwa umepanda juu ya sakafu, na saruji imechanika pembeni mithili ya suruali ya mnene aliyeinama. Kutoka chini ilisikika sauti ya kuguna, ya tumbo lenye njaa. Bwawa lilikuwa limeanza safari.

Daktari akatoka ndani, shati jeupe, funguo za gari mkononi. "Kuna nini?"

"Linang'oka, Daktari. Maji yamejaa chini yake."

"Yametoka wapi?"

Mvua ilikuwepo, ingeweza kusingiziwa, na mvua haijibu. Lakini ule mpira ulikuwa bado umelala kwenye maua, mdomo wazi.

"Mengine ya mvua," alisema Pamba. "Mengine nimeyamwaga mimi."

"Na likiendelea kupanda?"

"Litapasuka tumbo. Likipasuka hakuna kuziba, ni kubomoa."

Bibi hakupiga kelele. Aliupapasa mguu wake kuanzia gotini mpaka pajani. "Basi ndiyo nimekaa," alisema.

Afadhali angemtukana. Pamba alihisi neno lile likimwingia kuliko matusi ya ukoo mzima.

"Njia ipo," alisema. "Chini kabisa, upande wa kina, kuna tundu lenye kizibo. Kikifunguliwa, maji ya ardhini yanaingia ndani, bwawa linapata uzito, linakaa."

"Si ukafungue?"

Pamba aliinama ukingoni. Alikuwa akilitazama lile tope ambalo pampu ilikuwa imelishindwa. Jeusi, linang'aa, la kufika magotini. Panya wa jana alikuwa ameketi juu yake, na kumbe hakuwa peke yake, alikuwa na ndugu. Kizibo kilikuwa chini ya ukoo huo.

"Sakafu ina utelezi," alisema kwa sauti ndogo. "Lazima nilale, na mtu anishike miguu."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema Bibi. "Na wewe mwanangu, mshike miguu."

"Mama, nina wagonjwa wananisubiri."

"Na mimi ni nani?"

Daktari alivua viatu.

Walishuka. Pamba alilala kifudifudi, akazamisha mkono hadi begani, na shavu lake likalala juu ya tope, vuguvugu kama ulimi. Alipapasa. Glavu mbili mbili hazikuhisi kitu. Kizibo kilikuwa kikiteleza. Ilibidi azivue zote. Kidole kitupu kiligusa kitu chenye mifupa midogo midogo. Kingine kiligusa kitu kilichokimbia. Pamba ya puani ililowa, ikavimba, akaitema kwa pua, na hapo harufu yote ya msimu ikamwingia kwa mkupuo.

"Unakipata?" aliuliza daktari.

"Usiniongeleshe!"

"Zungusha kushoto."

"Daktari, hili si jino!"

Nyuma yake alisikia mlio mbaya wa koo, kisha kitu cha moto kikamwagika mgongoni. Ilikuwa chai ya asubuhi, na mkate wake.

"Samahani, fundi."

"Usiachie miguu!"

Akakaza meno, akakizungusha. Kizibo kiliguna, kikalegea, na maji ya ardhini yakaruka kwa nguvu, ya baridi, ya udongo, yakamjaa machoni na mdomoni kabla hajaufunga. Mengine aliyameza. Alitapika pale pale, na alichotapika kikamrudia usoni.

Bwawa lilitetemeka. Kisha, taratibu, likatoa pumzi ndefu na kukaa. Ukingo uliachwa na ufa, lakini tumbo lilikuwa zima.

Baada ya hapo Pamba aliifuata kazi kama inavyotakiwa, ndani ya maji, hadi kiunoni. Alitia dawa, alisugua, alibadilisha mchanga wa chujio la maji uliokuwa umegandamana kama kiporo cha ugali, akaziba ufa, akabandika vigae vya ngazi. Kila siku alitapika kidogo. Kila jioni mkewe alimpokea kwa ndoo na sabuni, ameziba pua, na usiku akalala usingizi wake.

Joto lilipoingia, Bibi alishushwa ngazini, mwanawe huku, mkongojo kule. Maji yalimfika gotini, kiunoni, kifuani. Akauachia mkongojo. Akaenda hadi ukuta wa pili na kurudi, bila mguno hata mmoja, na daktari akajifanya kuna kitu kimemwingia jichoni.

Kisha Bibi akachota maji kwa viganja viwili, akayatia mdomoni, akasukutua, akayarusha juu kwa furaha.

"Matamu haya! Fundi, hebu njoo uonje!"

Pamba, anayejua kila kilichowahi kulala humo, kwa mifupa na kwa manyoya, alikuwa ameugeukia ukuta, kiganja mdomoni.

"Nimeshaonja, Bibi," alisema, na kuyakimbilia maua.