Bolti ya Nyuma ya Injini

Asubuhi hii fundi amelala kifudifudi juu ya gari, kichwa kimezama kwenye injini, mkono wa kulia umepotea hadi begani. Soketi, kikombe cha kufungulia bolti, ameifunga kidoleni kwa uzi, isije ikadondokea humo ndani. Kwa uzi huo wateja humwita Mama Kamba.

"Naigusa, siioni," anasema. "Baba, naomba kitambaa."

Anayekwenda kukitafuta ni baba mkwe wake, dereva mstaafu, mwenye gari. Mwanawe alipomleta mchumba nyumbani, mzee alitamka wazi kwamba hataki majirani wapite wakiona miguu ya mkwewe imetokeza chini ya gari. Miaka tisa sasa, mama huyu anayeishi nyumba ya nyuma hubeba kisanduku chake na kwenda kufungua bolti sugu kwenye nyua za wengine. Magari manne, matano kwa wiki. Mvua ikinyesha, hakuna.

"Mkono wangu mwembamba, unapenya," anasema. "Wenye misuli wakishindwa ndipo wananikumbuka, mgonjwa akiwa mahututi."

Leo mgonjwa yuko nyumbani. Stata, mota ya kuwashia injini, imekufa, na bolti yake ya juu imegoma. Mzee amepambana nayo siku mbili, kwa spana iliyorefushwa kwa kipande cha bomba. Ikikatika, huenda injini nzima ikashushwa, na lawama atabeba aliyeishika mwisho.

"Nikiivunja, uani hapa sigusi gari tena," Mama Kamba ananong'ona.

Kitambaa kinafika. Anakitandaza juu ya kichwa cha bolti ili soketi ibane. Kabla ya kuisukuma, anapapasa pembe zake, kisha anazirudia. Zimelika upande wa kukazia.

Ukiinama kutoka mbele ya gari, bolti hii imekupa kisogo. Ukizungusha kama ulivyozoea kufungua, unaikaza. Mzee ameikaza siku mbili nzima, kwa bomba.

"Vipi?" anauliza mzee.

"Kutu, baba. Kutu nyingi."

Anafumba macho, anajiwazia yuko upande wa pili, anavuta. Wapi! Anatia mafuta ya kulegeza kutu, anagonga taratibu, anangoja. Haraka haraka haina baraka, na hapa hasara yake ni injini. Anavuta tena. Ko!

"Imekatika?" Mzee kashika kichwa.

Mama Kamba anazungusha. Robo mzunguko. Nusu. Kisha vidole peke yake vinatosha. Anaiweka bolti kiganjani mwa mkwewe, nzima.

Mzee anaigeuza juani, anazitazama pembe kwa muda mrefu.

"Hii si kutu, mwanangu. Nilikuwa naikaza."

"Nilijua, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi?"

Mzee anacheka mpaka anakohoa. Mama Kamba naye anacheka, akifungua uzi kidoleni.

Akiulizwa anatamani nini, hasiti: sakafu ya saruji na bati juu, wateja wamfuate yeye. Mwakani, akijaliwa, atakodi sehemu.

"Ukodi kwa nani?" mzee anadakia, akielekeza bolti kwenye pembe tupu ya ua. "Bati ninalo. Na majirani wakipita wakaiona miguu yako, basi waione."