Mbuzi Aliyebeba Maneno

Tupokigwe aliolewa Ibaba akiwa bado msichana, na siku ya kwanza tu wifi yake Gwantwa alimfunda: baba mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, na jina lake halitajwi. Mzee aliitwa Asajile, jina ambalo kwa Kindali limebeba maana ya kubariki. Basi hata neno kubariki likawa mwiko kinywani mwake. Kanisani, wenzake walipoimba Mungu atubariki, yeye aliimba Mungu atupake mafuta. Haukupita muda, benchi zima la akina mama likawa linaomba mafuta, na mchungaji akadhani ni uamsho.

Mumewe alipofariki, uani wakabaki wawili, mjane na mzee, wasioruhusiwa kusemezana. Ndipo mbuzi alipopata kazi.

"Mbuzi," mzee alisema akiwa amegeukia zizi, "mwambie huyo mama viazi vya leo vimepikwa kwa hasira."

"Mbuzi," Tupokigwe akajibu kutoka jikoni, "muulize mbona sahani imerudi nyeupe."

Jioni nyingine mzee aliuliza, "Mbuzi, huyo mama analia tena?"

"Mwambie ni moshi wa kuni."

"Kuni zenyewe mbichi," akanung'unika mzee, na kesho yake akapanda mlimani na shoka kumtafutia kavu.

Walizeeka hivyo, mbuzi wakipokezana kazi. Masika haya mzee akaugua. Jioni moja sauti yake ilitoka dirishani, nyembamba: "Mbuzi, muulize kama nikifa atalitaja jina langu, walau mara moja. Nimechoka kuwa 'huyo mzee'."

Tupokigwe alikuwa anasonga ugali.

"Mbuzi, mwambie ale kwanza."

Hakula. Ugali ulipoa, naye alikuwa amekwisha kwenda.

Msibani Gwantwa alimvuta pembeni. "Wifi, lia utakavyo, lakini jina ulimeze. Ukilitaja umetuvua nguo ukoo mzima. Utarudi kwenu Itumba na kikapu chako."

"Nimesikia, wifi."

Lakini swali la mzee lilikuwa limemkaa kooni. Jeneza liliposhushwa, aliondoka kundini. Watu wakadhani uchungu umemzidi. Akarudi akimvuta mbuzi kwa kamba, akapita naye katikati ya kwaya.

"Wifi, umerukwa na akili?"

Tupokigwe alilipa kaburi mgongo, kama adabu inavyotaka, akamtazama mbuzi.

"Mbuzi, mwambie Asajile swali lake nililisikia. Mwambie Asajile vile viazi kweli nilivipika kwa hasira. Na moshi ulikuwa uongo." Akaivuta kamba karibu. "Mungu ambariki Asajile."

Neno lilitoka na kutu, kama mlango uliofungwa miaka mingi. Mbuzi akanyoosha shingo, akang'ata shada la maua.

"Amelitaja!" Gwantwa akapaza sauti.

"Nimetaja wapi, wifi? Mimi nilikuwa naongea na mbuzi."

Wazee walitazama viatu vyao. Mchungaji alikohoa ndani ya leso, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Gwantwa alifungua kinywa amfukuze, lakini yaliyotoka yakawa machozi. Alijifuta kwa upande wa kitenge, akainama mpaka usoni kwa mbuzi.

"Mbuzi," alisema, "mwambie huyo mama twende akasonge ugali, waombolezaji wana njaa. Na leo asitie hasira."