Mkunazi wa Mpakani

Mkunazi wetu ulisimama juu ya mpaka hasa, shina nusu kwetu, nusu kwa jirani, mtu wa bara aliyehamia Malindi na pikipiki yake ya kubeba abiria. Miiba ya mti ilikuwa kama yamtafuta yeye.

"Mama, hii mti yako imenitoboa tairi tena," alisema siku moja juu ya ua.

"Na wewe hujambo," mama alimjibu. "Pogoa upande wako, baba. Shina usiliguse."

"Sina wakati ya kunyoa mti ya mtu."

Wakaacha kusalimiana. Matawi makavu yakaanza kurushwa kwetu, juu ya nguo zilizoanikwa.

Mimi ugomvi siuwezi. Nikajidanganya kwamba sahani ya kunazi itamaliza yote. Nikachuma zilizoiva, nikampelekea. Akala, akawaita na wanawe. Kwa furaha ulimi ukateleza: nikamwambia mti huu una heri, akifa mtu mtaani majani huchumwa kwetu, hupondwa, hutiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Mama hajawahi kumrudisha mfiwa mikono mitupu.

Akaacha kutafuna.

"Kumbe mnanilisha mti ya maiti?"

"Ni majani tu, kaka, hizi kunazi..."

Akatema. Sahani ilirudi kwetu kwa kupita juu ya ua.

Kesho yake akaleta fundi na msumeno wa mashine. Walivuta kamba kutoka mpakani hadi juu, na kila kilichovuka kikashushwa. Mama akamwita hayawani. Naye akamwita mama mchawi, mtaa mzima ukisikia.

Mti uliobaki ukaelemea kwetu wote, juu ya paa la jiko. Tukamwita fundi yuleyule. Akasema tusipokata na upande wetu, utatuangukia. Mama aliitikia kwa kichwa. Jirani akatoa kiti, akakaa kutazama.

"Kateni vizuri," alisema. "Mti ya baraka isije ikawaua."

Likabaki shina la kimo cha mtu, bila jani hata moja.

Wiki ileile kukawa na msiba mwisho wa mtaa. Vijana wawili wakapiga hodi na kikapu.

"Kwangu hapana tena," mama aliwaambia. "Kaulizeni kule barabara ya lami, na mwende mbio, maiti hangoji."

Kisha akanigeukia.

"Fuatana nao ukawachumie. Kusema umeshasema ya kutosha."